Nusu Kitumbua Chini ya Mlingoti wa Goli

"Hebu niambie kweli, Kazija, kile kitumbua ulichompa mumeo siku ile ulikitia nini?"

Swali hilo aliliuliza Bi Mauwa, jirani wa ukuta kwa ukuta, miaka thelathini na moja iliyopita. Bi Kazija alikuwa katika eda, hana hata wiki mbili tangu kufiwa. Bi Mauwa hakuuliza kwa ubaya. Alikuja na bakuli la uji, akalitua juu ya kigoda, akauliza kama mtu anavyouliza kipimo cha chumvi.

"Mchele, nazi, hamira, sukari, iliki mbili," Bi Kazija akajibu.

"Basi?"

"Basi."

"Mm," akasema Bi Mauwa.

Hiyo "mm" ilitoka pale chumbani na Bi Mauwa, ikapita kisimani, ikazunguka sokoni, na kabla eda haijaisha ilikuwa imekwishafika mpaka kwenye mashamba ya chumvi. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekula tena kilichotoka mkononi mwa Bi Kazija. Akipeleka sahani ya futari kwa jirani, sahani hurudi imeoshwa na shukrani nyingi, na kuku wa jirani hushiba. Mwenyewe akaacha kabisa kupika vitumbua. Chuma cha kukaangia akakigeuza akafunikia mtungi, akakaa kusuka ukili wa mikeka na kuswali swala zake tano, akimwachia Mungu.

Hayo yalitokea katika nchi ambayo jina lake hatulitaji. Si kwa hofu. Nchi ile haina hofu, kwa sababu hofu ilipigwa marufuku redioni na watu wakaogopa kuendelea nayo.

Ni nchi ya utaratibu. Katika taratibu zake ipo kanuni ya itifaki inayosema kwamba raia haruhusiwi kufa mbele ya mgeni rasmi. Kanuni hiyo haina ubaya. Mgeni rasmi ametoka mbali, amepigiwa ngoma, amekalia kiti chenye kitambaa. Si adabu mtu kumfia mbele ya macho yake. Sasa Vuai, mumewe Bi Kazija, golikipa wa Timu ya Chumvi, alipofia uwanjani dakika ya sitini na nne ya fainali, na mgeni rasmi akiwa ameketi pale pale, karani wa wilaya alipata kazi. Alifikiri sana. Mwishowe akaandika katika ripoti: "Golikipa Vuai alimaliza mechi akiwa na afya njema. Alifariki baadaye nyumbani kwake kwa kula kitumbua kilichopikwa na mkewe." Akapiga muhuri, akaenda kula.

*

Miaka ikapita, kama inavyopita hata pale inapokatazwa.

Siku moja Mheshimiwa Mno alialikwa karamu ng'ambo. Huyo ndiye kiongozi wa nchi ile. Mwanzoni aliitwa Mheshimiwa tu, Bunge likakaa siku tatu likaona haitoshi. Huko ng'ambo mwenyeji wake akainua kipande cha mkate, akamsimulia ulibuniwa na nani, mwaka gani, na kwa sababu ya vita ipi. Alipomaliza akauliza, "Na chapati yenu je, Mheshimiwa? Ilianzaje?"

Mheshimiwa Mno akanyamaza. Wasaidizi wake wanasema alinyamaza mpaka yakaletwa matunda.

Aliporudi nyumbani iliundwa Wizara ya Chanzo, ikatungwa na Sheria ya Chanzo. Kila chakula, na kila desturi ya mchezo, sharti iwe na mwanzilishi, tarehe na sababu. Chakula kisicho na chanzo kisiliwe hadharani. Desturi isiyo na chanzo isifanywe uwanjani. Waziri alieleza kwa upole kwamba taifa lisilojua nani alianza kula halina haki ya kushiba.

Watu walipata tabu kidogo. Kwa wiki tatu ugali ulipikwa milango imefungwa, na chapati zililiwa uvunguni mwa vitanda. Pale mtaani kwa Bi Kazija askari alimkuta mzee mmoja kibarazani shavu limevimba.

"Mzee, una nini mdomoni?"

"Jino, afande."

"Na huo mvuke?"

"Homa ya jino, mwanangu."

"Homa yako inanukia iliki," akasema askari. Wakaenda zao wawili, na njiani, inasemekana, homa ile waligawana.

Wizara haikulala. Ikatuma Tume nchi nzima, na vyanzo vikaanza kupatikana. Chapati ilibuniwa na babu yake Mheshimiwa Mno, siku alipokalia donge la unga na kufikiria mustakabali wa taifa. Kachumbari ilitokana na waziri mmoja wa zamani ambaye alikuwa akilia kwa uzalendo, wasaidizi wakatafuta haraka kitu cha kuonyesha kwamba hata wao wanalia, wakakuta vitunguu. Chai ya rangi ilianza siku maziwa yote yalipopelekwa kwa maofisa, na wananchi wenyewe, kwa hiari yao, wakasema hawayapendi.

Michezo nayo haikusahauliwa. Mapumziko ya katikati ya mechi yaliletwa na mgeni rasmi aliyebanwa na haja. Mpira ni wa duara kwa kuwa kamati ya watu tisa ilishindwa kukubaliana nani apewe pembe. Kadi nyekundu ilikuwa kadi ya chama ya katibu mmoja: alimwonyesha mchezaji ili ajue anazungumza na nani, na mchezaji akatoka uwanjani mwenyewe, mbio, asionekane tena mpaka leo.

Kila chanzo kikishapitishwa husomwa kwa kipaza sauti kabla ya jambo lenyewe kufanyika. Hotelini mteja husomewa chanzo cha chai mpaka ikapoa. Uwanjani husomwa kila Jumamosi, viwanja vyote, na watu sharti waitikie. Mwanzilishi akiwa hai, hupigiwa makofi. Akiwa amekufa, uwanja mzima huitika kwa sauti moja: "Mungu amrehemu!"

Hilo Bi Kazija alilisikia redioni akiwa anasuka. Ukili ukamponyoka mkononi.

*

Kwani ilikuwepo desturi moja ambayo Tume ilikuwa haijaipatia chanzo. Katika nchi ile, mechi ikifika mapumziko, golikipa huletewa kitumbua kimoja. Hula nusu. Nusu ya pili huiweka chini ya mlingoti wa goli, juu ya kipande cha jani la mgomba, na hakuna anayeigusa mpaka mechi iishe, hata kama kuna njaa. Magolikipa wa nchi nzima hufanya hivyo na hawajui kwa nini. Wengine husema ni dawa, wengine husema ni bahati. Ukiwauliza wazee watakwambia ndivyo tulivyokuta.

Bi Kazija alijua. Miaka thelathini na moja alikuwa akiona nusu kitumbua kwenye picha za magazeti yanayofungiwa sukari, na kila mara alikunja gazeti taratibu akaliweka chini ya mkeka wa kuswalia.

Redio ikasema: desturi ya nusu kitumbua isipopata chanzo mwezi huu, inafutwa. Atakayejua aje mbele ya Tume. Awe na shahidi wa pili, maana neno la mtu mmoja ni uvumi, la watu wawili ni historia.

Akajitanda, akaenda kumtafuta Machano.

Machano ndiye aliyekuwa beki wa Timu ya Chumvi, rafiki wa Vuai wa kula sahani moja. Sasa alikuwa mtu mkubwa kwa kiasi chake. Aliitwa Mkuu wa Nyasi za Uwanja wa Taifa, ana sare, kofia na nyumba ya Serikali, na kazi yake ni kuhakikisha nyasi zinasimama wima wimbo wa taifa unapopigwa.

"Shemeji! Karibu, karibu," akasema alipomwona. "Lakini pitia huku. Hao hapo ni wapya, hawajazoea wageni."

Bi Kazija akawazunguka nyasi wapya. "Machano, redio umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Basi. Mashahidi wawili wanatakiwa. Wa kwanza ni mimi."

"Na wa pili?" Machano akauliza, akainama kung'oa gugu ambalo halikuwepo.

"Timu ya Chumvi amebaki nani?"

"Si yupo Ussi?"

"Ussi tumemzika mfungo sita, mwezi wa maulidi. Ulileta sanda wewe mwenyewe."

"Pandu je? Yule winga."

"Natoka kwake sasa hivi. Haoni, hasikii. Nilipomtajia jina la Vuai, akaniambia nimpasie." Bi Kazija akamsogelea. "Umebaki wewe, Machano."

Machano akatazama huku na huku. Uwanja ulikuwa mtupu, viti elfu arobaini vinawatazama.

"Shemeji, siku ile mgeni rasmi alikuwa nani?"

"Si alikuwa Bwana Wilaya."

"Na Bwana Wilaya yule leo ni nani?"

"Mno," akasema Bi Kazija.

"Ehe."

"Mimi sina neno na yeye. Mungu amweke. Mimi nataka waandike jina la Vuai, basi, na waandike alivyokufa. Waandike alikula nusu. Nusu, Machano, hakula kizima. Na wewe unakijua kilichomuua."

Beki yule wa zamani machozi yakamlenga. Alikuwa mtu wa kulia haraka tangu ujana. Akifungwa goli analia, akifunga analia.

"Nitasema," akasema. "Vuai alikuwa ndugu yangu. Wallahi nitasema, mbele ya yeyote."

"Usiape. Sema tu."

Usiku ule Bi Kazija hakukaanga, lakini alikiondoa kile chuma juu ya mtungi, akakisugua kwa jivu, akakitundika ukutani.

*

Tume ilikaa katika ukumbi wa wilaya. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Dokta Ngwali, aliyepata udaktari kwa kuchunguza pembe tatu za sambusa na kugundua kuwa zote zinatazama ikulu. Alikuwa mnene, mpole, mwenye leso ya kufutia shingo. Pembeni yake walikaa wajumbe sita ambao kazi yao ilikuwa kukubali, na walikuwa na mafunzo.

Utaratibu wa ushahidi ulikuwa huu: shahidi huvua viatu mlangoni, husimama katikati, huielekea picha kubwa ya Mheshimiwa Mno iliyo ukutani, na husema na picha. Tume husikiliza kwa pembeni.

Basi Bi Kazija akasimama peku, akamtazama Bwana Wilaya wa zamani ndani ya fremu, nywele zake zimepakwa rangi, akaanza.

"Bismillahi. Mimi naitwa Kazija. Ule ulikuwa mwaka wa njaa. Mchele ulikuwa haupo. Ndani mwangu kulikuwa na kibaba kisichojaa, nikakisaga, kikatoka kitumbua kimoja. Kimoja tu. Nikasema nitampelekea mume wangu uwanjani, tangu jana hajala kitu. Na mimi nilikuwa mjamzito, miezi sita."

"Hayo ya ujauzito yana uhusiano na chanzo?" akauliza mjumbe mmoja.

"Ndiyo chanzo chenyewe, baba."

"Endelea, mama," akasema Mwenyekiti.

"Mapumziko nikamfuata nyuma ya goli, nikampa. Akakikata. Akala nusu, tena kwa kutafuna polepole, maana alikuwa hivyo. Nikamwambia malizia. Akasema, 'Hii yenu nyinyi wawili. Naiweka hapa, mlingoti utawachungia, mechi ikiisha njoo uichukue.' Akachuma jani, akaiweka juu yake. Mimi nikarudi upande wa wanawake."

Hata karani wa kuandika alikuwa ameacha kuandika, jambo ambalo haliruhusiwi.

"Kipindi cha pili wakapiga shuti, akaruka, akaudaka. Kichwa kikagonga mlingoti. Tulisikia wote. Akaanguka na mpira kifuani. Hakuinuka. Refa akaenda kwa Bwana Wilaya kuuliza avunje mechi. Bwana Wilaya…" Bi Kazija akaitazama picha, picha nayo ikamtazama. "Akasema kikombe hakijatolewa. Hotuba haijasomwa. Mpira uendelee. Refa akarudi akamfungua mume wangu vidole, kimoja kimoja, akautoa mpira, akawapa wapige kona. Wenzake wakambeba wakamlaza nyuma ya goli. Machano akavua jezi yake akamfunika uso, akacheza kifua wazi mpaka mwisho. Refa akampa kadi ya njano kwa kutovaa sare. Mimi nilikuwa upande wa pili, askari wametushikia kamba, mgeni rasmi hajaondoka. Nikakaa pale mpaka hotuba ikaisha. Ilikuwa hotuba ndefu."

Akaendelea kusema na picha.

"Ile nusu haikuguswa na mtu. Jumamosi ya pili golikipa mpya aliona haya kuingia golini hivi hivi, akaweka nusu yake. Na wa timu nyingine akaona akaweka. Hiyo ndiyo desturi yenu. Mimi mimba ile haikufika. Mume wangu hakufa nyumbani na hakuuliwa na kitumbua. Nimemaliza."

Mwenyekiti akajifuta shingo muda mrefu. "Pole sana, mama," akasema, na ilionekana amesema kwa moyo, kwa sababu alitazama mara moja upande wa picha. "Maelezo mazuri. Yana uchungu. Ila hadi sasa ni uvumi. Shahidi wa pili!"

Machano akaingia, sare imepigwa pasi, soksi za Serikali zimetoboka vidole viwili. Akasimama kuielekea picha. Bi Kazija akamwona mgongo tu.

"Wewe ni Mkuu wa Nyasi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Nyasi haziwezi kukosa mkuu wao," akasema Mwenyekiti kwa upole mkubwa. "Zitalala. Haya, tuelezee. Siku hiyo uliona golikipa akianguka?"

"Nilikuwa… nilikuwa natazama mbele, Mheshimiwa. Mimi nilikuwa beki. Golikipa huwa nyuma."

"Refa alikwenda kwa mgeni rasmi?"

"Marefa huwa wanatembea tembea."

Wajumbe wakakubali.

"Sasa hili la mwisho, lifikirie. Kumbukumbu za mchezo zinasema ulipewa kadi ya njano kwa kucheza kifua wazi. Jezi yako ilikuwa wapi?"

Mabega ya Machano yalipanda, yakashuka. Moyoni Bi Kazija alikuwa akimsomea kila dua aliyofundishwa tangu chuo cha Kurani, zote kwa pamoja, zimechanganyika.

"Joto, Mheshimiwa," akasema Machano. "Siku ile kulikuwa na joto."

*

Serikali ya nchi ile ina huruma kwa wajane. Mwenyekiti hakumfukuza Bi Kazija. Alimvutia kiti, akamwekea mbele yake karatasi mbili.

"Mama, sheria inataka chanzo kitiwe saini na mwenye uchungu. Mwenye uchungu ni wewe. Tumekuandalia vyanzo viwili, uchague. Cha kwanza kinasema Mheshimiwa Mno, akiwa Bwana Wilaya, aliona golikipa ana njaa, akamkatia nusu ya kitumbua chake mwenyewe. Kimya kabisa kuhusu wewe na marehemu. Tena tunafuta na ile ripoti ya zamani, kwa sababu haiwezekani vitumbua viwili katika mechi moja. Utakuwa hujawahi kumpikia mumeo kitu. Mikono yako safi. Majirani watakula kwako."

Bi Kazija akaitazama karatasi ile. Alisoma darasa la saba, tena alisoma vizuri; alisoma kila neno.

"Na ya pili?"

"Ya pili inafuata ripoti iliyopo. Inasema: 'Desturi hii ilianzishwa na golikipa Vuai wa Timu ya Chumvi, aliyekula kitumbua chote alichopikiwa na mkewe Kazija, kikamuua. Tangu siku hiyo magolikipa wote hula nusu, kwa tahadhari.'" Mwenyekiti akakohoa. "Ni fupi, inaeleweka. Na marehemu anatajwa kwa jina, kama ulivyoomba."

"Na nisipotia saini yoyote?"

"Desturi inafutwa, mama. Kuanzia Jumamosi."

Adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka msikiti wa jirani. Bi Kazija akaomba ruhusa. Wakatafuta fomu ya ruhusa, haikuwepo, ikabidi wamruhusu.

Aliswali nje ya ukumbi, kwenye korido, karibu na ndoo za kuzimia moto ambazo zilikuwa na mchanga na vichungi vya sigara. Alikaa katika sijida ya mwisho mpaka karani akachungulia kuona kama amelala. Hakulala. Alikuwa akipima.

Upande mmoja ilikuwa sahani ya futari inayorudi tupu kwelikweli, na Bi Mauwa, ambaye sasa ni kizee kama yeye, akilamba vidole na kusema ongeza. Alilitamani hilo kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Miaka thelathini na moja amekula peke yake.

Upande wa pili ilikuwa Jumamosi. Viwanja vyote vya nchi, maelfu kwa maelfu ya watu wasiomjua, wanasomewa jina la Vuai kwa kipaza sauti, na wanaitika kwa sauti moja: Mungu amrehemu. Kila Jumamosi. Leo hii aliyekuwa akimwombea Vuai duniani ni mtu mmoja tu, na mtu huyo magoti yanamuuma, na hakuachiwa mtoto wa kumrithisha dua. Siku akifa yeye, nani atamtaja?

Lakini bei yake ni uongo. Nao atauwekea mkono wake mwenyewe.

"Ya Rabbi," akasema, paji la uso liko chini. "Wewe ulikuwepo uwanjani. Uliona. Mimi sitasema kwa ulimi wangu kwamba nilimuua. Nitaandika jina langu basi, na jina langu ni kweli. Ukiniuliza, nitakwambia nilimtafutia waombaji."

Akarudi ndani.

"Siapi," akamwambia Mwenyekiti.

"Hakuna haja ya kuapa. Kutia saini kunatosha."

"Andikeni jina lake kamili. Vuai wa Kombo wa Ameir. Mashabiki wasiseme Vuai, Vuai, wako kina Vuai wengi."

Karani akaandika. Bi Kazija akavuta karatasi ya pili, akaandika KAZIJA kwa herufi kubwa, mwandiko wa mtu aliyefundishwa kwa chaki. Mwenyekiti akaisoma kwa sauti kuielekea picha, mpaka kwenye "kikamuua", akauliza kama yupo mwenye pingamizi. Hakuna aliyepinga. Akapiga kengele. Wajumbe sita wakasimama, wakaitika kwa mara ya kwanza, kwa majaribio: "Mungu amrehemu!"

Bi Kazija akaitika amina kimoyomoyo. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu siku ya mazishi, kusikia jina lile likiombewa na sauti isiyokuwa yake. Akaenda mlangoni kuvaa viatu.

Machano alikuwa pale, kofia mkononi.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "ilikuwa hapa," akajigusa kooni. "Wallahi ilikuwa hapa. Lakini wanangu wote wanalala nyumba ya Serikali. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Bi Kazija alikuwa ameshika ukuta, anatafuta kiatu kwa mguu. Alisema, "Nani alimfumba macho?"

"Mimi."

"Ulipomfikia alikuwa bado hajakata roho?"

"Bado kidogo."

"Alisema kitu?"

Machano akatazama ndani ya ukumbi, akatazama chini. Midomo ilikuwa inamcheza. "Aliniuliza, 'Umeingia?' Mpira alikuwa ameukumbatia mwenyewe, shemeji, lakini alikuwa hausikii tena mikononi. Akaniuliza, 'Machano, umeingia?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia haukuingia. Nikamwambia umeudaka."

"Akakusikia?"

"Alinisikia. Alicheka."

Bi Kazija akafumba macho, akayafumbua.

"Shahidi Machano!" Mwenyekiti akaita kutoka ndani, sauti yake njema kabisa. "Mnazungumza nini huko na mama?"

Machano akavaa kofia, akasimama wima.

"Hakuna, Mheshimiwa. Namwelekeza njia tu."

Bi Kazija akamtazama kwa muda, kama mtu anayetaka kuhakikisha ameiona vizuri sura. Akatia mguu katika kiatu cha pili, akajitanda kanga yake, akatoka.